Nguzo ya Kwanza ya Ladkubai

Juzi alikuja kijana mmoja hapa sokoni, kavaa kofia, nyuma yake wageni kama kumi wenye kamera. Akasimama mbele ya beseni langu la samaki bila hata kuniamkia, akawaambia wenzake: "Hawa Wakoli, watu wa uvuvi, ndio wenyeji wa asili wa Bombay. Walikuwa hapa wakati mji huu ni visiwa saba vya minazi na matope." Wageni wakasema aaa. Mmoja akanipiga picha nikipara samaki, mwingine akaziba pua. Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, ukishawaambia kuwa mimi ndiye mwenyeji, waambie na nyumba yangu iko wapi." Akacheka akaenda zake, kama vile nimemtania.

Wenyeji wa asili! Siku hizi tunaitwa hivyo, tumeshatolewa kila mahali. Babu alikuwa akituambia kwamba babu yake yeye alizaliwa pale penye gati la meli kubwa. Wakaja watu wa gati, wakasema sogeeni, wakasogea. Ikaja reli ya kubeba pamba, sogeeni, wakasogea. Vilima vikavunjwa vikamwagwa baharini, visiwa vikashikana, viwanda vya nguo vikaota moshi, na watu wakamiminika kutoka kila pembe kutafuta kazi. Kila aliyeshuka kwenye treni alikanyaga mahali ambapo mtu wetu alikuwa akitupa wavu. Mwisho watu wetu wakabanwa Khadakwadi, kipande cha mwamba chenye nyumba za makuti na mabati zinazotazama ghuba, na ubavuni mwake uwanja wa kukaushia samaki. Wakasema, hapa sasa hatusogei tena.

Sasa mimi leo simsemi babu wala mji. Namsema Ladkubai, dada mkubwa wa mama yangu. Amekufa zamani, na mpaka leo wapo watu wa Khadakwadi wanaosema kwamba yeye ndiye aliyetupotezea uwanja. Wanasema hivyo mbele yangu, wakijua kabisa mimi ni nani wake. Basi nisikilizeni na mimi, nimechoka kumeza.

Mama Mkubwa Ladku alikuwa mwanamke mpana, mweusi, pete ya dhahabu puani, sari ameifunga kwa kuipitisha katikati ya miguu kama tufungavyo sisi ili tukimbilie mashua zinapoingia. Akinadi samaki upande huu wa soko, walioko upande wa pili wanajua bei. Mume alikuwa ameshakufa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Raghu, na alikuwa na ile nguzo.

Niwaeleze hiyo nguzo. Samaki wetu ni bombili, samaki laini kama uji, ukimwacha hadi jioni amekwisha. Kwa hiyo tunamkausha. Tunasimamisha nguzo uwanjani, tunafunga kamba, tunawaning'iniza wawiliwawili, mdomo kwa mdomo, safu hadi safu, na upepo wa bahari unamaliza kazi. Masika yakikaribia tunang'oa kila kitu. Mashua zinapandishwa pwani, kamba zinakunjwa, nguzo zinawekwa darini. Na kwa sisi wa Khadakwadi, wa kwingine siwajui, kila mtaa na mambo yake, ardhi ya uwanja wakati ule ilikuwa haiguswi. Tulisema ina mimba, sawa na bahari. Hakuna kuchimba, hakuna kupigilia hata kijiti, mpaka ule mwezi mpevu wa kuitupia bahari nazi, kufungua msimu. Siku hiyo nazi ikishaelea, mwanamke mmoja anapigilia nguzo ya kwanza, fupi tu, inafika kifuani, na wengine wote wanafuata. Mwanamke huyo hutoka nyumba moja, mama mkwe anampa mke wa mwanawe. Wakati wangu alikuwa Ladkubai. Nguzo yake ya mtiki ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono ya wanawake waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa.

Mumewe, Baba Mkubwa Namdev, aliivunja amri hiyo mwaka niliozaliwa mimi. Siku ya kunipa jina ilianguka katikati ya masika. Wageni wengi, nyumba ya baba yangu ndogo, na mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Namdev akasema tutandike turubai uwanjani, akachukua mti akaanza kuugongomea. Watu wakamwambia, "Namdev, bado nazi." Akacheka. "Mti mmoja wa kumkinga mtoto na manyunyu! Bahari itaninunia kwa hilo?" Nikapewa jina, Chandri, watu wakala, wakaimba. Msimu ulipofunguliwa mashua yake ikatoka na haikurudi.

Mashua tatu zilipotea katika dhoruba ile, na wenye zile mbili hawakuwa wamepigilia hata msumari ukutani. Lakini nani angekwenda kumwambia hivyo mjane wa miaka ishirini na kitu, mwenye mtoto wa miaka mitatu mgongoni? Aliamini ni ule mti. Na turubai ile ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyelala chini yake nikinyonya kidole. Hakuwahi kunigusia neno hilo, hata siku moja. Alinifundisha kupara samaki, kupunja bei na kutukana, akanipenda kuliko alivyonipenda mama yangu.

Raghu alimlea kama yai. Mtoto wa Kikoli hawezi kukatazwa bahari, basi alipokua alikwenda baharini kama wenzake. Lakini kila mashua ilipotoka Mama Mkubwa alikuwa hali chakula mpaka aione inarudi. Alimsomesha pia, akafika mpaka mtihani wa mwisho wa sekondari, jambo ambalo mtaani kwetu lilikuwa geni. Raghu alikuwa anasoma gazeti kwa sauti na wazee wanamsikiliza.

Ndipo akaja yule mpima ardhi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Masika yamepamba moto, uwanja mzima ni matope na majani. Akatokea kijana mwembamba, viatu mkononi, mwavuli wa kuazima, nyuma yake watu wawili wamebeba darubini ya miguu mitatu na mnyororo. Wanawake tulikuwa barazani tunarekebisha nyavu. Akauliza, "Hapa pana nini?"

"Uwanja wetu wa kukaushia samaki," akajibu Mama Mkubwa.

"Mbona sioni kitu?"

"Haa! Hebu niambie, mwanangu, mama yako huwa anaanika nguo lini? Mvua inaponyesha?"

Tulicheka mpaka nyavu zikatuanguka. Na yeye akacheka, maskini. Akajipangusa uso akasema, "Mama, mimi nachora ninachokiona. Nikiona vichanja, nachora vichanja, naandika ni mali ya wavuvi. Nikiona matope naandika patupu. Na panapoandikwa patupu serikali inapachukua. Wanataka kujaza ghuba hii yote."

"Basi njoo baada ya nazi, utaviona mpaka vikuchoshe."

"Ramani inatakiwa ofisini kabla ya hapo, sipangi mimi. Nitarudi Jumatatu. Simamisheni hata nguzo chache, mama. Chache tu, nizione kwa macho yangu. Nawaomba."

Alikuwa mtu mwema yule, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mkorofi tungemtukana tukapumua. Alikuwa anatuomba, yeye, wa serikali, amesimama kwenye matope bila viatu.

Jioni hiyo Mzee Dharma, mkuu wa mtaa, aliita watu kwenye baraza ya hekalu la mungu wetu wa kike. Walikuja wote, hata wagonjwa. Mzee Dharma akaeleza, halafu akamgeukia Mama Mkubwa. "Dada Ladku, nguzo ya kwanza ni yako. Unasemaje?"

"Nasema bado nazi."

Zogo likalipuka. Huyu anasema mwanamke gani huyu, huyu anasema uwanja ni wa wote, huyu anasema tukikosa uwanja tutakausha samaki kichwani kwake. Bwana mmoja, Kashinath, mwenye mashua mbili na mdomo wa kumi, akasimama. "Kama hataki, si tupigilie sisi wenyewe!"

"Pigilia!" akasema Mama Mkubwa. "Nani kakushika? Nyundo iko darini kwangu, nenda kaichukue. Nguzo unazo. Nenda, baba, uwanja ule pale."

Kashinath akabaki amesimama. Akatazama wanawe wawili, akajikuna shingo, akakaa. Hakuna aliyenyanyuka. Na hili ndilo nataka lisikike vizuri na wale wenye ndimi ndefu: hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Kila mtu mle alikuwa na mwana au mume wa kwenda baharini, kila mtu aliogopa kama alivyoogopa yeye, ila walitaka yeye ndiye atie mkono motoni halafu wao wafuate.

Tulirudi nyumbani mimi, yeye na Raghu. Raghu alikuwa amefura.

"Mama, ni mti na ardhi tu."

"Baba yako naye alisema hivyohivyo."

"Baba aliuawa na dhoruba."

"Na wewe utauawa na nini? Niambie, nikajiandae."

"Uwanja ukienda tutakula nini, mama? Umefikiria?"

"Tutakula majani. Ila utakuwepo, tutayala pamoja."

"Unaniaibisha," akasema Raghu. "Mtaa mzima unaniona mimi ni mtoto wa kufichwa kwenye sari." Akatoka akabamiza mlango. Mama Mkubwa akaendelea kukoroga chungu cha mchuzi kisichokuwa na kitu ndani zaidi ya maji na ukwaju, maana masika samaki hakuna. Nilimwona machozi yanamdondoka humohumo.

Siku zilizofuata watu walimwandama. Wakimkuta kisimani wanaongea kwa mafumbo, wakipita mlangoni wanakohoa. Jumapili Mzee Dharma mwenyewe alikuja akamshika miguu, mtu mzima wa umri wa baba yake. Mama Mkubwa akaruka nyuma kama kaungua. "Usinifanyie hivyo, Mzee, usinifanyie!" Mzee akasema, "Sijiombei mimi. Nawaombea wajukuu." Akainuka akaondoka.

Jumatatu asubuhi nilisikia mlango wa kwake, nyumba zetu zilitenganishwa na bati tu. Nikatoka. Mvua ilikuwa nyembamba. Mama Mkubwa huyo, nguzo begani, nyundo ya mti mkononi, anakwenda uwanjani. Nikamfuata, na nyuma yangu nyumba zikaanza kufunguka moja moja, watu wakatoka kimya kimya wakajipanga ukingoni. Akafika mahali pale pa siku zote, akaisimamisha nguzo kwenye matope. Akanyanyua nyundo.

Raghu akaja mbio kutoka kwenye mashua, kifua wazi, amelowa, anacheka. Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo. "Piga, mama!" akasema. "Piga!"

Afadhali asingekuja! Mama Mkubwa aligeuka akamtazama. Kijana mrefu, mabega ya baba yake, meno ya baba yake, kasimama kwenye uwanja uleule kwenye mvua ileile akicheka. Alimtazama kitambo. Nyundo ikiwa juu. Halafu akaishusha polepole, akaing'oa nguzo, akaiweka begani, akarudi nyumbani akipita katikati ya watu wote wale. Hakumwangalia mtu.

Mpima ardhi alikuja kama alivyoahidi. Akasimama chini ya mwavuli wake akasubiri mpaka adhuhuri, akitazama nyumba zetu, kana kwamba bado anatuombea tubadili mawazo. Hakuna aliyetoka. Mwisho akafungua karatasi yake akaandika, akaondoka. Hatukumwona tena.

Nazi ikatupwa, nguzo ikapigiliwa, mashua zikatoka. Raghu akarudi salama na mashua imejaa hadi ukingoni, na akarudi safari ya pili, na ya tatu, msimu wote. Mama Mkubwa msimu ule alikuwa anaimba. Watu walimnunia, wakamwachia peke yake benchi la sokoni, wala hakujali. Aliniambia, "Waache waseme. Wao wana uwanja wa kulilia, mimi nina mtu."

Baada ya misimu miwili likaja bango: ardhi ya serikali, usiingie. Tukaenda ofisini, tukaambiwa pale ni patupu, ramani inasema, patupu hapana fidia. Halafu yakaja matipa. Yalimwaga mawe mchana kutwa, kwanza ghubani, na ghuba ilipoziba mashua zikakosa pa kuingilia. Tukawa tunakausha bombili juu ya mapaa na kando ya barabara, wanaoza, wanajaa vumbi, wenye magari wanatupigia honi na kututukana kwa harufu. Mwenye mashua akauza. Kashinath akauza zote mbili. Vijana wa Khadakwadi wakabaki vijiweni, mpaka kampuni ya kujaza bahari ilipotangaza inataka madereva.

Wa kwanza kwenda alikuwa Raghu. Alikuwa anajua kusoma, wakampa leseni upesi. Mama Mkubwa alipopata habari alimwekea chakula, wali na bombili mkavu wa mwisho tuliokuwa nao, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, kazi zote za mji huu, umekosa nyingine?"

"Ipi, mama? Bahari ulikuwa unaniogopea. Uwanja umewapa serikali. Basi niache nijaze, angalau na mimi nishike kitu."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Nani alikutuma?" akasema Raghu. "Kila nikipita njiani naambiwa, huyu ndiye aliyenunuliwa kwa uwanja. Nakula, nasikia hivyo. Nalala, nasikia hivyo. Bora ningezama."

Mama Mkubwa aliondoa sahani, akaiosha, akaiosha tena.

Siku walipofika kumwaga kifusi uwanjani kwenyewe, alikwenda akasimama pale pa nguzo yake. Tipa likarudi nyuma, likapiga honi. Dereva akachungulia, alikuwa Raghu. "Ondoka hapo, mama!" akapiga kelele. "Kifusi hakina macho!" Mimi na mama yangu tukamkamata mikono tukamvuta. Mawe yakashuka, vumbi likatanda, likatuingia kinywani. Tulipofumbua macho palikuwa na kilima. Nilimchukia Raghu siku ile, na sijui kama nimeacha.

Baada ya hapo alihama, akaenda kukaa mbali huko mwisho wa reli, akaoa bila kutualika. Ilisemekana anafanya kazi ofisini. Mama Mkubwa alizeeka Khadakwadi katikati ya watu waliomwita Bibi Nguzo. Watoto waliozaliwa baadaye, wasiowahi kuona hata kichanja kimoja, walimwimbia jina hilo njiani. Na sikilizeni: majirani zetu wa Bandarwadi walipimwa kiangazi, vichanja vyao vimesimama na samaki wananing'inia, mpimaji akavichora vyote. Walinyang'anywa mwaka uliofuata, wakapewa karatasi ya fidia ambayo mpaka leo wanaikunja na kuikunjua. Nilipopata habari hiyo nilikwenda kwa Kashinath mbio, nikamwambia, unaona? Hata tungepigilia nguzo elfu! Akanitazama, mzee mzima, akasema, "Wenzetu angalau walijaribu." Nikaelewa. Serikali haina mlango wa kugonga, na Ladkubai anakaa nyumba ya tatu.

Sasa nifike mwisho, maana samaki wangu wanaharibika. Juu ya uwanja wetu palisimama ghorofa, ndefu ya kuumiza shingo, ya vioo, na chini yake ua wa majani yaliyokatwa vizuri. Mama Mkubwa alikuwa ameshakuwa kikongwe, mgongo umepinda. Mwaka huo, siku ya nazi, vijana wa mtaa walitupa nazi yao wakarudi kwenye muziki. Yeye akaniita. "Chandri, nishushie nguzo."

"Ya nini, Mama Mkubwa?"

"Pigo la Jumatatu ile ninalidaiwa bado. Nataka nilipige kabla sijafa. Nazi imeshatupwa, leo ni ruhusa. Nipige mara moja tu kwenye yale majani yao, niondoke."

"Watatutukana."

"Tumeshawahi kufa kwa matusi? Shusha."

Tukaenda, mimi nyundo, yeye nguzo, hakukubali niibebe. Mvua ilikuwa imeanza tena. Getini kulikuwa na kibanda cha mlinzi, na mlinzi akajitokeza chini ya paa lake, sare ya buluu, kofia, masharubu meupe. "Mnaenda wapi nyie kina ma..."

Alikuwa Raghu.

Mama Mkubwa akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Halafu akasema, "Kumbe ofisi yenyewe ndiyo hii."

"Mama, umefuata nini hapa?" Anaongea huku amekaza meno. "Nani kakuambia niko hapa?"

"Sikuambiwa. Nimekuja kupiga nguzo yangu. Nipishe kidogo tu, mwanangu, pale kwenye majani. Siongei na mtu."

"Nitafukuzwa, mama. Nina mabinti wawili hawajaolewa. Rudini, nawaomba, rudini."

Gari likasimama nyuma yetu, refu, jeusi. Kioo kikashuka. Ni katibu wa wakazi wa ghorofa lile, nilikuja kumjua baadaye. Akakunja pua. "Mlinzi! Wanawake gani hawa? Harufu gani hii getini? Ni watu wako?"

Raghu akasimama wima. Jicho lake likapita kwangu, likapita kwa mama yake, likatua kwenye gari. "Hapana, bwana," akasema. "Siwajui. Huyu ni kichaa tu wa kule kwa wavuvi."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nalo la kumwambia, jamani, nilikuwa nalo tangu siku ya tipa! Lakini Mama Mkubwa alinifinya mkono mpaka ngozi ikatoka. Akaunganisha viganja vyake mbele ya uso, nguzo imeegemea bega, akamwinamia yule mtu wa gari.

"Ni kweli, bwana mkubwa, hatumjui huyu. Ametukataza vizuri tu, kwa adabu, sisi ndio wakaidi. Anafanya kazi yake sawasawa. Usimkasirikie."

Kioo kikapanda, geti likafunguliwa, gari likaingia. Raghu akalifunga geti, yeye kwa ndani, akatugeuzia mgongo.

Tulirudi kwa barabara ya pwani, ambayo nayo zamani ilikuwa bahari. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Mtoto wako wa kumzaa! Umepoteza uwanja kwa ajili yake, umeitwa majina maisha yako yote kwa ajili yake, halafu anakuita kichaa, na wewe unamwombea msamaha!"

"Umeviona viatu vyake?" akasema Mama Mkubwa.

"Viatu gani tena?"

"Mvua yote hii, viatu vyake vikavu. Ana kibanda. Ana paa." Akatembea kidogo, akapumua. "Na masharubu yamekuwa meupe. Baba yake hakuota hata unywele mmoja mweupe. Yuko nchi kavu, Chandri. Nyundo ile niliishusha bila kupiga kwa ajili ya hilo."

Kisha akanipa nguzo nimbebee, akatangulia.